Naomba ushauri kuhusu historia ya maporomoko ya Jinja yaliyozama

Ndugu zangu, ninakusanya historia ya maporomoko ya Mto Naili karibu na Jinja, Uganda: ya Ripon, ambayo mpelelezi Mwingereza Speke aliyafikia mwaka 1862 na ambayo yalitoweka bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, na ya Bujagali, yaliyofunikwa na maji ya bwawa lililozinduliwa mwaka 2012. Kinachoniumiza zaidi ni Bujagali, mahali ambapo Wasoga, wenyeji wa eneo hilo, walipaheshimu kama makao ya roho, kwani wazee waliokua wakisikia ngurumo za maji yale wanazidi kupungua. Je, nianze kwa kurekodi simulizi zao kabla ya kutafuta ramani na picha za zamani? Na ruhusa niiombe vipi, nisije nikavunja miiko yao?