Mji wa mkutano hauchaguliwi kwa rula juu ya ramani!

Wakuu, nimechoka na safari hii nasema. Kamati ya mkutano wetu imetangaza mji tena, na sababu ni ileile: "upo katikati." Katikati ya nini? Kwenye ramani ni kweli. Kwenye tiketi, karibu nusu yetu tutaunganisha ndege mara mbili, na kuna watakaolala kwenye viti vya uwanja wa ndege kabla hawajafika.

Ndege hazifuati rula. Istanbul, Doha, Dubai au Addis Ababa unaweza kuwa mbali na kila mmoja wetu, lakini wengi tukafika kwa ndege moja tu. Mji ulio nusu ya umbali huo unaweza usiwe na ndege ya moja kwa moja kutoka popote tunapokaa. Basi hesabuni saa, tangu mtu anafunga mlango wake mpaka anapokabidhiwa ufunguo wa chumba. Kilomita waachieni wachora ramani.

Mwaka jana walijitetea kwamba walitafuta mji wenye jumla ndogo ya safari zetu zote. Haya, tuitazame hiyo jumla. Zaidi ya nusu ya wajumbe wakikaa mji mmoja, jumla ya umbali inakuwa ndogo kabisa hapohapo kwao, hata sisi wengine tukiwa ng'ambo ya bahari mbili. Ukituhamishia mbali zaidi, jibu halibadiliki! Kwa hesabu hiyo sisi hatupo. Na kila mwaka ni walewale wanaolala kwao na walewale wanaofika na macho mekundu, kikao cha asubuhi kikiwakuta mwili bado uko saa nane za usiku. Kwa nini hawaangalii safari ya yule anayeumia kuliko wote, wakaipunguza hiyo?

Viza ndiyo imeniuma zaidi. Ombi la viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, linaruhusiwa kuwasilishwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, na unaweza kusogezwa hadi 45, na hapo hujahesabu kusubiri miadi. Kamati inatangaza mji ikiwa imebaki chini ya miezi miwili, barua ya mwaliko inakuja baadaye tena! Mwenzetu aliyeandaa mada miezi mizima alinyimwa, ada haikurudi, mada yake ikasomwa na mtu ambaye hakuweza kujibu hata swali moja. Hakuna aliyemwomba radhi. Na wapo ambao pasi zao zinadai viza hata ya kubadilishia ndege tu, bila kutoka nje ya uwanja.

Hakuna mjumbe aliyewahi kuulizwa anaondokea wapi na ana pasi ya nchi gani. Maswali mawili tu! Kamati iyaulize wiki hii, kabla haijalipa ukumbi, na itueleze waziwazi: mwaka huu nani atasafiri saa nyingi kuliko wote, na mwaka jana alikuwa nani?