Alfa Spider au Fiat 124 Spider: nifufue lipi nyumbani Malindi?

Mwana_Casuarina: Salamu ndugu zangu. Mzee wa Kitaliano hapa Malindi arudi kwao, auza magari mawili ya zamani yasiyo na paa: Alfa Romeo Spider na Fiat 124 Spider. Bei hazipishani sana. Nataka moja, nilitengeneze polepole nyuma ya nyumba, banda la makuti lipo. Ataka jibu kabla ya Ijumaa.

FundiKabureta: Za mwaka gani? Logbuku ipo? Usukani upande gani? Alfa za mwanzo, 1966 hadi 1969, mkia wake mviringo. Kuanzia 1970 mkia umekatwa. Bei za Alfa hizo mbili haziwezi kuwa sawa. Na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo usidhani utaleta bovu jingine ulikatie spea.

BintiShela: Fiat, bila kufikiria. Injini ni ya Lampredi, yule aliyechora injini za Ferrari. Bloku ni ya chuma, haisumbui. Ila mkanda wa taimingi, ule unaozungusha vali, badilisha kabla hujawasha, hata muuzaji akiapa.

FundiKabureta: Mkanda wa mpira! Alfa ina cheni. Nimemaliza.

BintiShela: Alfa ina bloku ya alumini, huliwa na chumvi. Jaza maji ya kisima chetu cha chumvi kwenye rejeta, halafu uje tuongee cheni.

MzeeWaGede: Nyote mwabishania injini, na injini hushushwa siku moja. Uliza bodi. Ndugu yangu alikuwa na Alfa, kutu imekula boksi za chini ya milango. Akaipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea, jina nalihifadhi. Gari likainuliwa kwa jeki katikati, fundi akakata boksi zote mbili kwa mpigo, bila kuchomelea hata paipu moja kushikilia tundu za milango. Sasa gari lisilo na paa nguvu zake zote ziko kwenye boksi hizo. Likakunjika pale pale, mbele na nyuma vikalala. Fundi akachomelea hivyo hivyo, akapaka puti, akapiga rangi nyekundu nzuri sana. Milango haikufunga tena. Kuja kukata upya na kunyoosha kukazidi bei ya gari lenyewe. Fiat nayo chungulia pale shokapu za mbele zinaposhikwa, huoza.

Mwana_Casuarina: Logbuku ya Fiat nimeiona. Ya Alfa asema aitafuta. Chini sijaangalia, kuna zulia.

MzeeWaGede: Toa zulia, bwana! Beba bisibisi, choma sakafu. Ikizama, ondoka.

Punda_wa_Amu: Huku Amu hatuna shida hizo, punda hashiki kutu. Lakini ukishachomelea, mimina mafuta ya sifa ndani ya boksi. Jahazi zaishi baharini kwa deheni, ile chokaa iliyochanganywa na mafuta, chini na sifa juu.

BintiShela: Mafuta ya ini la papa ndani ya gari? Nani atapanda?

Punda_wa_Amu: Halina paa, harufu yatoka.

FundiKabureta: Jahazi ni mbao, shekhe. Oili chafu ya injini yatosha.

Punda_wa_Amu: Oili yachuruzika na jua la Malindi. Sifa yaganda.

BintiShela: Haya, yauzwa kwa lita au kwa debe? Nina geti laoza.