CBR, yaani riba elekezi ya Benki Kuu ya Kenya, imeshuka, rejesho la mkopo liko palepale. Hiyo "K" ambayo benki inajumlisha kwenye riba yako inaficha nini?

Wakuu, tusidanganyane. Februari 2024 Kamati ya Sera ya Fedha ilipandisha CBR hadi asilimia 13, na benki zikahamisha mzigo kwa mkopaji. Kuanzia Agosti mwaka huohuo ikaanza kuteremka, na kufikia Juni 2025 ilikuwa 9.75. Kupanda wanapanda na lifti, kushuka ni ngazi, tena kwa kujivuta.

Wa kulaumiwa si Haile Selassie Avenue, makao ya Benki Kuu, peke yake. Benki Kuu haimkopeshi mwananchi. Inachofanya ni kuweka bei ya fedha ambazo benki zinakopeshana. Februari 2025 hata ilipunguza akiba ambayo benki lazima ziweke kwake kutoka asilimia 4.25 hadi 3.25, yaani katika kila shilingi 100 za amana, shilingi moja ikafunguliwa. Ya kukopesha nani? Hatifungani ya serikali ya miundombinu ya Februari 2024 ililipa asilimia 18.46 bila kodi. Benki gani itahangaika na kinyozi wa Githurai wakati Hazina inalipa hivyo? Lakini riba za serikali nazo zimeshuka tangu hapo, kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha.

Sasa tuje kwenye ujanja wenyewe. Kanuni mpya ya kupanga riba za mikopo, iliyoanza na mikopo mipya Septemba 2025, inasema riba ni KESONIA kujumlisha K. KESONIA ni wastani wa riba ya benki kukopeshana usiku mmoja, haifichiki. K ndiyo jiko lao: gharama za uendeshaji, faida ya wenye hisa, na hatari ya wewe mkopaji kushindwa kulipa. KESONIA ikishuka pointi mbili na K ikanenepa pointi mbili, umepata sifuri.

Ukichukua 1,000,000 kwa miezi 36 kwa asilimia 18 ya salio linalopungua, rejesho ni kama 36,150 kwa mwezi. Kwa asilimia 15 ni 34,670 hivi. Tofauti inazidi 53,000 hadi mwisho wa mkopo. Na ukiambiwa "asilimia 15 tu" halafu iwe ya mkupuo, yaani inayopigwa kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, utalipa 40,278 kwa mwezi, sawa na karibu asilimia 26 ya salio linalopungua. Huo ni wizi wa kalamu.

Kingine: riba zilipopanda, wengine hawakuongezewa rejesho, waliongezewa miezi. Sasa wanakodolea macho kiasi kinachokatwa wakati tatizo liko kwenye tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo dai kwa maandishi, si kwa simu ya ofisa wa mikopo: jedwali jipya la malipo, K yako ikigawanywa sehemu zake, na tarehe riba itakapoangaliwa tena. Mkopo wa riba isiyobadilika au wa dola hauguswi na kanuni hii, usijisumbue.

Mwenye barua inayotaja K yake aiweke hapa tulinganishe. Jina na namba ya akaunti zifutwe kwanza.