Filamu ya kashfa ya kweli iliyokukuta pabaya: tupeane uzoefu

Mfunga Hesabu

Wakuu, sitaki orodha ya filamu bora, hizo zimejaa kila mahali. Nataka kisa chako. Zipo filamu na tamthilia zilizotengenezwa kutokana na kashfa za kweli: taasisi imeumiza watu, ikajua, ikajifunika. Ipi ilikukuta mahali ambapo hukutegemea, ukajiona umo ndani?

Naanza mimi. Mr Bates vs The Post Office, tamthilia ya Uingereza ya sehemu nne iliyoonyeshwa Januari 2024. Inahusu mawakala wa posta waliowekewa mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Jioni ukifunga hesabu, mfumo unasema fedha zimepungua. Mkataba unasema upungufu ni wako, ulipe. Usipolipa, mahakamani. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengi wao wakishtakiwa na shirika la posta lenyewe, maana lilikuwa na uwezo wa kuendesha kesi zake bila kusubiri mwendesha mashtaka wa serikali. Makosa yalikuwa ya mfumo.

Kuna sehemu mama mmoja, Jo Hamilton, yuko kwenye simu na kitengo cha msaada. Anaelekezwa abonyeze hiki, abonyeze kile, anatii kila kitu, na upungufu unaongezeka maradufu mbele ya macho yake. Halafu anaambiwa hakuna mwingine aliyewahi kupiga simu na tatizo kama hilo.

Hapo nilisimama nikaenda kunywa maji, sikurudi kwa nusu saa.

Nimekaa kaunta ya fedha miaka sita, mahali ambapo sitapataja. Mwezi mmoja nilipata shoti, yaani fedha pungufu, mara tatu. Mimi ninayehesabu mara mbili, nafunga mafungu kwa mpira, naandika pembeni kwa penseli. Msimamizi alinijibu kwa upole kabisa: "Mashine za wenzako wote ziko sawa." Nikakatwa mshahara na sikumwambia mtu. Ungemwambia nani? Ukisema umepata shoti tatu, hata anayekupenda anaanza kukuangalia mfuko.

Baada ya tamthilia ile nilimpigia dada mmoja aliyekuwa kaunta ya tatu. Tulikaa naye umbali wa hatua nne, miaka yote hiyo. Nikamuuliza kama naye aliwahi kukatwa. Akanyamaza, kisha akasema: "Na wewe?"

Haya, leteni vyenu.

Kisirani

Mkuu pole. Ila mimi filamu hizi zimenichosha. Mwisho unaujua: kioo cheusi, maandishi meupe, kinanda kinalia taratibu, na sisi tunalia, tunazima, tunalala.

Kisa changu ni cha aibu. In the Name of the Father, ya 1993, kuhusu vijana wanne waliofungwa Uingereza mwaka 1975 kwa mabomu ya Guildford ambayo hawakuyatega. Niliipenda hadi nikawa mhubiri wake. Kwa miaka nilikuwa nasimulia jinsi Gerry Conlon, mmoja wa wale wanne, na baba yake walivyokaa chumba kimoja gerezani na jinsi wakili Gareth Peirce alivyosimama mahakama ya rufaa kuitikisa meza. Siku moja nikalisimulia hilo mbele ya mtu wa sheria. Akanisikiliza hadi mwisho (watu wa sheria wana subira mbaya sana), kisha akaniambia baba na mwana hawakuwekwa pamoja hivyo, na Peirce alikuwa wakili wa kuandaa kesi, si wa kusimama mbele ya majaji wa rufaa. Vyote viwili ni vya mwandishi wa filamu.

Kinachoniudhi ni kwamba ukweli ulitosha. Baba yake, Giuseppe, alikufa akiwa mfungwa mwaka 1980. Wale wanne walitoka 1989, baada ya kugundulika kwamba kumbukumbu za polisi za mahojiano zilichezewa. Unaongeza chumvi ya nini hapo? Ukishanidanganya kwenye chumba cha gereza, na mimi nimeshakariri, nitajuaje kipi kingine umenidanganya?

Bundi

Kisirani umenikumbusha Chernobyl ya 2019, tamthilia ya ile ajali ya kinu cha nyuklia. Nilimpenda yule mwanasayansi wa kike, Khomyuk, nikaanza kumtafuta nisome maisha yake. Kumbe hayupo. Ni wanasayansi wengi waliokunjwa wakawa mtu mmoja. Watengenezaji walisema wazi mwishoni, mimi ndiye niliyezima mapema nikiwahi kulala.

Masijala

Wanangu, mimi ni mstaafu na siandiki sana, mniwie radhi nikirefusha.

Nilionyeshwa Spotlight na mjukuu. Ni ile ya waandishi wa Boston Globe waliofichua, Januari 2002, jinsi kanisa la jimbo lile lilivyokuwa likiwahamisha mapadre waliodhalilisha watoto, huku wakubwa wakijua. Ilipata Oscar ya filamu bora. Mjukuu alifurahia waandishi wanavyokimbia. Mimi nilifurahia kingine: wale watu walichukua vitabu vya kila mwaka vya kanisa lenyewe, vinavyoorodhesha kila padre na kituo chake, wakashuka na rula mstari kwa mstari. Padre akiandikwa "likizo ya ugonjwa", kisha parokia mpya, kisha likizo tena, wanamwekea alama. Siri ilikuwa imechapwa na kuwekwa rafuni. Nimefanya kazi masijala miaka thelathini na moja, najua hilo ni kweli kuliko mnavyodhani. Taasisi haiwezi kujizuia kuandika.

Sasa kisa. Kuelekea mwisho, mkuu wa kile kikosi, Robinson, inambidi akubali kwamba mwaka 1993 wakili alishalipelekea gazeti orodha ya mapadre ishirini. Habari ikawekwa ndogo, kurasa za ndani, ikaishia hapo. Na dawati lile la habari za mji lilikuwa chini yake yeye. Hakuwa mtu mbaya. Hata hakumbuki vizuri.

Mimi nakumbuka. Ofisini kwetu zilikuja barua tatu, kwa miaka minne, mwandiko tofauti kila moja, wazazi wakimlalamikia mtumishi mmoja. Nilizipokea, nikazigonga muhuri, nikazipa namba ya folio, nikazipeleka juu. Zilirudi na wino wa kijani pembeni: "Ihifadhiwe." Nikahifadhi. Kila moja niliiweka kwenye faili ileile, kwa hiyo siwezi kusema sikuona kwamba ziko tatu. Mimi ndiye niliyezibana pamoja.

Mjukuu aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia macho yanauma.

Mhariri wa Prufu

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili.

Nilete kidogo cha kupunguza uzito. Official Secrets, ya 2019. Katharine Gun, mtumishi wa idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Uingereza, alivujisha barua pepe ya Wamarekani iliyoomba msaada wa kunasa mazungumzo ya wajumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kabla ya vita vya Iraq. Gazeti la Observer likaichapa Machi 2003. Lakini mtu mmoja chumba cha habari, kwa nia njema kabisa, alisahihisha tahajia ya Kimarekani ikawa ya Kiingereza cha Uingereza. Marekani wakaiona, wakasema hii ni ya kughushi, Mmarekani gani anaandika hivi? Vituo vya televisheni vikafuta mahojiano.

Sinema nzima watu wanaogopa majasusi. Mimi nilifunika uso kwa mto kwenye ile sehemu ya tahajia. Nimewahi "kusahihisha" nukuu ya shahidi ili isomeke vizuri. Haikuwa vita, lakini mtu yule alikana maneno yake mwenyewe, na alikuwa na haki.

Mkalimani

Silenced ya Korea Kusini, 2011. Shule ya watoto viziwi huko Gwangju ambako wakubwa wa shule waliwadhalilisha wanafunzi, na waliofikishwa mahakamani wakapata adhabu nyepesi. Mwandishi Gong Ji-young aliandika riwaya kuhusu kisa hicho, mwigizaji Gong Yoo akaisoma akiwa jeshini na akashinikiza itengenezwe filamu. Ilipotoka nchi ilichafuka. Kesi ikafufuliwa, shule ikafungwa, na kabla mwaka haujaisha bunge likapitisha sheria ya kuondoa ukomo wa muda wa kushtaki makosa ya ngono dhidi ya watoto wadogo na watu wenye ulemavu. Sheria hiyo watu waliiita kwa jina la filamu.

Kwa hiyo Kisirani, si kila mara tunazima na kulala.

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Niliitazama na rafiki zangu wawili viziwi. Alama za Kikorea si zetu, lakini walisoma nyuso kabla ya maandishi kutokea chini. Katikati, mmoja wao akachukua rimoti akaisimamisha. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimemtafsiria katika kikao cha nidhamu, yeye akiwa mlalamikaji. Akaniuliza, taratibu, akihakikisha naona mikono: "Siku ile, ulitafsiri yote niliyosema?"

Sikutafsiri yote. Mwenyekiti alikuwa anaangalia saa, akaniambia nimwambie afupishe. Sikumwambia afupishe, nilimfupishia mwenyewe. Na yale maneno makali nikayalainisha, nikidhani namsaidia aonekane mstaarabu. Nilimjibu ukweli. Tuliendelea kutazama, hakuna aliyeongea hadi mwisho. Bado ni rafiki yangu, ila siku hizi akiitwa kikao anakuja na mkalimani mwingine.

Kisirani

Nimekusikia dada. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine naibakiza kwa sababu ya hiyohiyo Spotlight ya mama: msemaji wa chuo kimoja cha Boston, Jack Dunn, alionyeshwa kana kwamba anataka mambo yafunikwe, akalalamika hadharani kwamba hakuyasema hayo. Kampuni ya filamu ikakiri maneno yale yalitungwa. Filamu ya kufichua waliochafua watu nayo ikamchafua mtu.

Mtoto wa Kiwanda

Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha kemikali hadi mgongo ukakataa. Nilimwekea Dark Waters nikidhani atafurahi. Ni ile ya wakili Rob Bilott na mfugaji Wilbur Tennant wa West Virginia, ng'ombe wake wakifa kwa sababu ya taka za kampuni ya kemikali ya DuPont zilizotupwa karibu na kijito chake. Kemikali yenyewe, PFOA, ilitumika kutengeneza Teflon, ule utando wa vikaango visivyoshika chakula. Karibu watu 69,000 walitoa damu ipimwe, wanasayansi wakachukua miaka, wakaihusisha na magonjwa sita. Mwaka 2017 kampuni zikakubali kulipa dola milioni 671.

Baba alikuwa kimya hadi pale majirani wanapoanza kuwanunia waliofungua kesi. Kampuni ndiyo iliyowaajiri, ndiyo iliyowasomeshea watoto. Akasema: "Zima."

Nikadhani imemchosha. Akasema: "Hao wanaonuna ndio sisi." Kulikuwa na mwenzao aliyelalamika kuhusu mapipa, wakaacha kukaa naye wakati wa chakula. Hakuna bosi aliyewaagiza. Nimekuwa nikiwaza habari za kiwanda maisha yangu yote, na kila mara mbaya wangu alikuwa amevaa suti. Sijui kama nilikuwa tayari kumwona amevaa ovaroli ya baba.

Hatujaimalizia.

Bundi

Mtoto wa Kiwanda, huyo mwenzao yupo hai?

Mtoto wa Kiwanda

Yupo. Baba ameniomba namba yake juzi. Sijauliza ya nini.

Mfunga Hesabu

Nimerudi. Kuna mtu ameniuliza inboksi kwa nini ilihitaji tamthilia, wakati jarida la Computer Weekly liliandika tangu 2009 na jaji alishasema mwaka 2019, katika kesi ya watu 555, kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zinazoweza kuzalisha upungufu. Ni kweli. Hata hivyo sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo ilipita Mei 2024, miezi michache tu baada ya tamthilia. Kwangu jibu ni dogo: hukumu ya jaji nisingeisoma. Mama aliyeshika simu, namba zikipanda, huyo nilimjua.

Habari mpya. Dada wa kaunta ya tatu amenitumia picha za hati zake za mshahara, makato yakiwa yamezungushiwa kalamu. Yake yanaanza miezi minne kabla ya yangu. Na kuna kaka wa zamu ya usiku, naye anatafuta zake.

Masijala

Mwanangu, kabla hujampa mtu yeyote: zipange kwa tarehe, kila karatasi ipe namba, toa nakala mbili. Moja usiiache kazini. Na ukiandikiwa chochote pembeni kwa wino, kipige picha hicho kwanza.