Bochs, QEMU au DOSBox: kipi kinafaa kwa programu ya zamani ya hesabu?

Mwenye Ghala (Mwanjelwa, Mbeya)
Ndugu zangu, hesabu za ghala letu la mchele ziko kwenye programu ya DOS, mfumo endeshi wa zamani wa PC. Kompyuta iliyokuwa ikiiendesha imeharibika. Mpya ina Windows ya biti 64, ambayo haipokei kabisa programu za biti 16 kama hiyo, na kijana wangu anatumia Mac yenye prosesa ya ARM, aina tofauti na ile ya PC. Natafuta kiigaji kimoja, yaani programu inayoigiza kompyuta nyingine, kitakachofanya kazi kwenye mashine zote mbili.

Fundi wa Kihesa (Iringa)
Bochs, aliyoianzisha Kevin Lawton, huigiza prosesa ya PC amri moja baada ya nyingine bila kutegemea prosesa iliyo chini yake, na ndiyo maana huenda popote, ingawa kwa mwendo wa kobe. QEMU ya Fabrice Bellard, iliyotoka mwaka 2003, hutafsiri fungu zima la amri na kulihifadhi, ili likihitajika tena lisitafsiriwe upya. Mimi ningechukua QEMU.

Mwalimu (Njombe)
Fundi, kasi ya nini hapa? Programu hizo ziliandikwa kwa prosesa za megahezi chache tu. DOSBox inakuja na DOS yake na inasoma folda ya kawaida, hivyo mzee hatahangaika kutengeneza faili la kuigiza diski.

Mwenye Ghala
Mwalimu, ankara zitachapwa?

Mwalimu
DOSBox ya asili ilikusudiwa michezo, na haina uchapaji. Tumia DOSBox-X, tawi lake, yaani toleo lililoendelezwa kando kutokana nayo, ambalo linao.

Fundi wa Kihesa
Hapo nakubali, ingawa QEMU nayo inaweza kuelekeza tundu la printa kwenye faili.

Dada wa Tukuyu
Nimetumia Bochs kujifunzia mifumo endeshi, kwa kuwa inakuruhusu kusimama kwenye kila amri na kuichungulia prosesa. Kwa kazi hiyo naipenda kuliko zote. Ila saa yake ya ndani ilikimbia mpaka nilipoiagiza ifuate saa halisi, na kwenye ankara tarehe si jambo la mzaha. Ukienda QEMU, usiiwashe kwa chaguo la "snapshot": kila unachoandika hutupwa unapoizima, nami nilipoteza kazi ya jioni nzima kwa njia hiyo.

Mwenye Ghala
Asanteni. Kwanza nanakili diski ya zamani mara mbili, kisha Jumamosi najaribu DOSBox-X kwa ankara za mwezi uliopita, nizilinganishe na zile za karatasi.