Mjadala: Je, ni haki mchambuzi wa mieleka kuliongezea pambano nyota kwa sababu mtu ameangushwa kwa shingo?

Mtoa mada

Ndugu wadau, naomba tujadili jambo ambalo kila tunapochambua mieleka ya Japani, na ile ya kampuni ndogo zinazojitegemea za Marekani na Uingereza, huwa tunalipita pembeni: je, ni haki mchambuzi kuliongezea pambano alama kwa sababu mtu ameangushwa kwa kisogo au kwa shingo? Msimamo wangu ni kwamba si haki, na nitautetea kwa urefu kidogo, kwa kuwa tumezoea kuandika kwamba pambano fulani ni la kihistoria pale ambapo tulipaswa kuandika kwamba mtu amefanyiwa jambo lisilokuwa na ulazima wowote. Hoja ya kwamba mieleka hii ni maigizo naiweka kando tangu mwanzo. Anayeshinda hupangwa kabla, lakini mwili wa kilo mia moja unaposhuka kichwa chini hauwezi kuuigiza uzito wake.

Mtindo wa kutoa nyota ulienezwa na Mmarekani Dave Meltzer kupitia jarida lake la Wrestling Observer kuanzia miaka ya 1980, na kwa muda mrefu nyota 5 ndizo zilizokuwa kilele. Miongoni mwa mapambano ya mwanzo kabisa kupewa nyota hizo ni lile la Tiger Mask (wa kwanza kuvaa kinyago hicho) na Mwingereza Dynamite Kid, la Aprili 1983 jijini Tokyo. Kasi yao ilikuwa ya kustaajabisha kweli. Dynamite Kid aliishia kwenye kiti cha magurudumu, mgongo wake ukiwa umeharibika, na akafariki mwaka 2018.

Tuje kwenye pambano ambalo wengi wetu tunaliweka juu ya yote, la Mitsuharu Misawa na Toshiaki Kawada, tarehe 3 Juni 1994, katika ukumbi wa Nippon Budokan. Misawa alilimaliza kwa mbinu iitwayo Tiger Driver '91. Katika Tiger Driver ya kawaida, Misawa humwinamisha mwenzake, humfunga mikono yote miwili nyuma ya mgongo, humnyanyua, kisha humwachia ili atue kwa mgongo bapa. Ile ya '91, aliyomtumia Akira Taue kwa mara ya kwanza mwaka huo wa 1991, haina kuachia: anashuka naye mikono ikiwa bado imefungwa, na kwa kuwa mikono ndiyo ambayo mwanamieleka hupigia sakafu ili kuutawanya mshindo, kinachobaki kupokea uzito wote ni shingo na sehemu ya juu ya mabega. Kawada alitua hivyo mbele ya ukumbi mzima, akahesabiwa hadi tatu, na pambano likapewa nyota 5.

Ninachodai ni kwamba nyota zile zilikuwa zimekwisha kupatikana kabla ya dakika hiyo. Hawa ni watu waliosoma shule moja huko Ashikaga, Misawa akiwa mbele kwa mwaka mmoja. Kawada ndiye aliyemfungua Misawa ulingoni mwaka 1990 kinyago cha Tiger Mask, alichokuwa akikivaa baada ya yule wa 1983, na tangu hapo akawa anaishi katika kivuli cha mkubwa wake wa shule. Zaidi ya nusu saa ya kupigana viwiko na mateke ilibeba historia yote hiyo, na mtazamaji hakuhitaji kuona shingo ikipinda ili aelewe kwamba Kawada amekataa kushindwa. Hata hivyo, ukisoma chambuzi nyingi za pambano lile, utakuta aya nzima imetolewa kwa ule mshindo wa mwisho, na maelezo machache tu yameachiwa mengine yote.

Miaka mitano baadaye, Januari 1999 huko Osaka, Kawada alivunjika mfupa wa mkono katikati ya pambano na Misawa huyo huyo. Alipomnyanyua, nguvu zikamwishia, Misawa akateremka wima na kutua kwa utosi. Ajali ile ikapewa jina, ikahesabiwa kuwa mbinu, na wanamieleka wengine wakainakili. Kisha tarehe 13 Juni 2009, mjini Hiroshima, Misawa akiwa na miaka 46, akiwa rais wa kampuni ya NOAH aliyoianzisha mwenyewe mwaka 2000 na bado anapanda ulingoni, alinyanyuliwa kwa nyuma, akaangushwa kwa mgongo na kisogo, na hakuinuka tena. Alifariki usiku ule ule kwa jeraha la uti wa mgongo shingoni.

Sisemi kwamba wachambuzi walimwua. Nasema kwamba alama zetu zilikuwa sehemu ya sauti iliyokuwa ikiomba zaidi.

Mkongwe wa Budokan

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na uchungu wako nauheshimu, lakini hoja yako ina tundu kubwa, nawe umelionyesha mwenyewe bila kuliziba. Kilichomwondoa Misawa duniani ni mwangusho wa kawaida kabisa, ambao karibu kila mwanamieleka wa Japani hujifunza na ambao hakuna mchambuzi aliyewahi kuutolea hata robo nyota. Akitoshi Saito, aliyeutekeleza, hakukosea popote. Yoshihiro Takayama alipooza kuanzia shingoni kwenda chini tarehe 4 Mei 2017 kwa kujaribu kumviringisha mpinzani ili ambane mabega, mbinu ambayo ni miongoni mwa za mwanzo kufundishwa. Hayabusa alipooza tarehe 22 Oktoba 2001 katika ukumbi wa Korakuen kwa sababu mguu uliteleza kwenye kamba wakati akiruka kinyumenyume, na mruko huo aliufanya siku zote. Sasa mchambuzi akiamua kupunguza nyota kwa kila mbinu inayomtisha, je, si atakuwa anaadhibu kile kinachoonekana cha hatari, huku hatari yenyewe ikipita mahali ambapo haitazami?

Pili, unaupa mtindo wa nyota nguvu ambayo haukuwa nayo. Jarida la Meltzer lilikuwa likiandikwa kwa Kiingereza na kuwafikia Wamarekani wachache kwa posta. Waliokuwa wakiijaza Budokan katika miaka ya 1990 walikuwa Wajapani waliosoma magazeti na majarida yao wenyewe, na tuzo ya pambano bora la mwaka ya gazeti la Tokyo Sports ilikuwepo tangu 1974. Aliyeomba zaidi alikuwa mtazamaji aliyekaa kitini na kulipa tiketi, na aliyempa alikuwa mwanamieleka mwenyewe, akiwa na fahari kubwa juu ya ufundi wake wa kuanguka, ule unaoitwa ukemi. Misawa alisifika hasa kwa ufundi huo.

Tatu, na hili ndilo ninalolishikilia zaidi, mchambuzi ni shahidi. Pambano la Kazuchika Okada na Katsuyori Shibata la tarehe 9 Aprili 2017 katika ukumbi wa Ryogoku ni mojawapo ya mapambano makubwa ya karne hii, na nyota 5 lilizopewa ni stahili yake. Shibata alimpiga Okada kichwa kwa kichwa bila kinga yoyote, mlio wake ukasikika hadi kwenye matangazo, damu ikamchirizika usoni. Baada ya kushindwa alitoka ulingoni kwa miguu yake, kisha akaanguka nyuma ya pazia na kupasuliwa kwa sababu ya damu iliyovuja kichwani. Ni jambo la kusikitisha sana. Lakini nikisema leo kwamba pambano lile halikuwa bora, nitakuwa nasema uongo juu ya kile nilichokiona kwa macho yangu.

Binti wa Kona Nyekundu

Kaka zangu, nyote wawili mmebaki Budokan na Ryogoku, ilhali mahali ambapo nyota zinaamua riziki ya mtu ni kwenye kumbi ndogo. Mwanamieleka wa kampuni kubwa ya Japani ana mkataba. Yule anayezunguka kampuni ndogo za Marekani na Uingereza hulipwa kwa usiku mmoja mmoja, na kinachompatia mwaliko unaofuata ni jina lake kusambaa. Leo si jarida la posta tena. Shabiki yeyote anaweza kuingia kwenye hifadhi ya Cagematch, inayoendeshwa kutoka Ujerumani, na kutoa alama hadi 10 kwa pambano, na kipande cha video cha sekunde chache kinafika mbali kuliko pambano lenyewe. Kipande hicho mara nyingi huwa ni cha mtu anayetua vibaya, kwa sababu ukamataji wa dakika kumi haukatiki ukaeleweka. Hapo hoja ya Mkongwe kwamba nyota hazina nguvu inaweza kuwa sahihi kwa mwaka 1994, lakini haiwezi kusimama leo.

Nataka pia tutofautishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Mei 2016, Will Ospreay na Ricochet walipokutana Korakuen, ulizuka ubishi mkubwa duniani, na Vader, mwanamieleka mkongwe wa Marekani, alikuwa miongoni mwa waliolilaumu pambano lile hadharani kwamba lilifanana na maonyesho ya sarakasi kuliko ugomvi. Mtu anaweza kukubaliana naye au kumkataa katika suala la ladha; mimi binafsi lilinifurahisha. Lakini sarakasi ile, kwa sehemu kubwa, iliishia kwa watu kutua kwa miguu yao, wakitazamana. Wachambuzi wengi waliokuwa wakali dhidi yake hawakuwahi kuandika hata mstari mmoja kulaumu mtu kuangushwa kwa kisogo mara sita katika pambano moja, kwa kuwa hilo waliliita ugumu na uanaume. Ukali wetu, kwa maoni yangu, umeelekezwa mahali pasipofaa.

Anayetaka kujua kama ukumbi mdogo unaweza kuwaka moto bila shingo ya mtu kuwekwa rehani, atazame pambano la Kenta Kobashi na Samoa Joe, New York, tarehe 1 Oktoba 2005, chini ya kampuni ya Ring of Honor iliyokuwa imeanzishwa miaka mitatu tu nyuma. Sehemu kubwa ya kinachokumbukwa ni makofi ya kifuani. Wanasimama kifua kwa kifua, mmoja anapiga, mwingine anameza, ngozi inageuka nyekundu kisha zambarau, na watazamaji wanapiga kelele kwa kila kofi tangu mwanzo. Yanaumiza, sikatai, lakini mtu huamka kesho yake akiwa na michubuko, akatembea. Pambano lile nalo lilipewa nyota 5.

Mtoa mada

Nashukuru kwa michango yote miwili. Mkongwe, hoja yako ya kwamba mbinu za kawaida ndizo zilizoua na kupooza, mimi naisoma kinyume na unavyoisoma. Mwangusho wa kawaida haumwui mtu wa miaka 46 mwenye ufundi wa kuanguka kama wa Misawa isipokuwa shingo hiyo imekwisha kuchoka, na shingo yake ilikuwa imebeba karibu miaka 20 ya kuangushwa kwa namna ambazo sisi tuliziita bora. Tarehe 1 Machi 2003 alimwangusha Kobashi, naye akishuka pamoja naye, kutoka kwenye njia ya kuingilia hadi sakafuni, nje kabisa ya ulingo, na hadi leo watu huonyeshana picha hiyo kama kilele cha sanaa hii. Jeraha la mwisho huonekana dogo kwa kuwa yaliyotangulia hayakuhesabiwa.

Kuhusu ushahidi, nakubaliana nawe kwamba mchambuzi asiseme uongo, na sijaomba Okada na Shibata wanyang'anywe sifa yao. Ninachoomba ni kwamba sifa ielekezwe mahali pake. Dakika zile zaidi ya thelathini ambamo Shibata alimzuia bingwa, akamfundisha adabu kwa ukamataji na mateke, akamfanya Okada aonekane mtu anayetafuta njia ya kutokea, hizo ndizo zilizolijenga pambano. Kile kichwa kilichopigwa kiandikwe katika uchambuzi kama kosa la kazi, kwa maneno yaliyo wazi, kwa sababu mpigaji alijidhuru mwenyewe kwa pigo ambalo lingeweza kuigizwa kwa kiganja na watazamaji wasitambue. Mchambuzi wa soka husifu mchezo wa timu na papo hapo akalaani rafu ya kuvunja mguu, na hakuna anayemwita mwongo.

Tena upo ushahidi wa karibu kwamba kuzuia kunalipa kuliko kutoa. Okada na Kenny Omega walipokutana Tokyo Dome tarehe 4 Januari 2017, Meltzer alivuka kilele chake mwenyewe na kutoa nyota 6. Pambano lile lilikuwa na hatari zake, ikiwemo Omega kurushwa juu ya kamba hadi kwenye meza iliyokuwa nje, na hizo siziungi mkono. Lakini uti wa hadithi ulikuwa ni mbinu ambayo haikufanyika: Omega alijaribu na kujaribu kumwangusha Okada kwa One-Winged Angel, mbinu yake ya kumalizia, na mara zote Okada akachomoka. Kwa dakika 46 watu walikaa ukingoni mwa viti wakisubiri kitu ambacho hakikuja, na kwa sababu hakikuja, walirudi Juni kukitafuta, wakarudi tena Juni ya mwaka 2018 hadi Omega alipoutwaa mkanda huko Osaka. Mchambuzi anayejua kazi yake ana mengi ya kuandika kuhusu hilo.

Mkongwe wa Budokan

Ukiandika hivyo, sifa mahali pake na lawama mahali pake, sina ugomvi nawe, mradi alama yenyewe isiguswe kwa kusudi la kufundisha maadili. Namba ibaki kipimo cha kile kilichonisisimua, na maneno yabebe hukumu.

Binti wa Kona Nyekundu

Tatizo, kaka, ni kwamba maneno hayasambai, namba ndiyo husambaa. Shibata alirudi ulingoni tarehe 21 Oktoba 2021, Budokan hapo hapo, bila kutangazwa kabla, kwa dakika 5 za kukamatana na Zack Sabre Jr., bila pigo hata moja, na bila mshindi. Kwangu mimi, ni kati ya mambo mazuri zaidi yaliyofanyika katika ulingo wa Japani muongo huu. Kwa kipimo chako cha msisimko, Mkongwe, na kwa kipimo cha mtoa mada cha ufundi, naomba kila mmoja wenu aniandikie hapa: dakika zile 5 zinastahili nyota ngapi?