Mrejesho: ile senti yenye vivimbe

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu senti moja ya Marekani ya 1983 yenye vivimbe na mstari wa kijivu pembeni mwa herufi: ni kosa halisi la kiwandani au kasoro tu ya utando (shaba nyembamba inayoifunika sarafu)?

Ni utando. Senti hizi zilihamia zinki iliyopakwa shaba mwaka 1982, na hewa ikinaswa chini ya shaba hutuna kama lengelenge. Nilibonyeza kivimbe kimoja kwa kijiti cha meno, kikabonyea. Kivimbe kinachotokana na muhuri uliomeguka (muhuri ni kile chuma kinachogonga picha na maandishi kwenye sarafu) ni metali tupu. Hakibonyei, na hujitokeza palepale kwenye sarafu nyingine za muhuri huohuo.

Mstari ndio ulionisumbua zaidi, maana ipo kweli senti ya 1983 ambayo maandishi ya nyuma yamejirudia. Ila kwenye senti hiyo, herufi iliyojirudia imeinuka na ina kona zake. Mstari wangu ni bapa, hauna umbo lolote: shaba ilipasuka sarafu ilipogongwa, zinki ikachungulia.

Asanteni sana mliosisitiza niiangalie kwa mwanga wa ubavuni. Juu kwa juu nisingeona tofauti.